Rangi za Uani kwa Mama

Jomvu Kuu,
Tarehe 11, Mfunguo Tano.

Kwa mpenzi dadangu Hanan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Maskati, wewe na shemeji na Nusaiba wetu, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua. Nasi huku, ukituuliza, tu wazima wa kuamka na kula. Zaidi ya hapo usinihimize, nitafika huko mwenyewe.

Najua utashangaa, siku hizi nani anaandika barua? Lakini wajua mwenyewe, ukipiga simu Mama hutaka iwekwe sauti kubwa, naye hukaa ubavuni pangu mpaka ikatwe. Kuna maneno siwezi kuyasema akiwa hapo. Ndipo nikaona bahasha hii nimpe Mwanasaumu, binti wa jirani anayerudi kazini huko kwenu, na nimekwisha kumwapisha asiifungue. Anapenda umbea yule, lakini kiapo anakiogopa.

Nianze na mimea, maana ndiyo unayoniulizia kila Ijumaa. Uliponiambia tumpandie Mama mimea ya rangi kali uani, kwa vile daktari wa macho alisema ile presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu, na huenda rangi iliyo karibu akaiona kwa muda, wallahi nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu aliye mbali kazi yake kuagiza. Ua wetu wewe uliuacha una jua. Tangu jirani apandishe ghorofa, jua hutuchungulia saa saba mchana kisha likenda zake. Asumini ya Mama, ile aliyokuwa akichuma kutungia vikuba vya maharusi, ingalipo. Imerefuka, ina majani tele, na ua hata moja haitoi.

Lakini nilikwenda. Nilishuka Frere Town kwa Kitsao, muuza miche wa kando ya barabara, nikamwambia nataka mawaridi mekundu ya kuweka kivulini. Alicheka mpaka akatua mkebe wake wa maji chini. Alinieleza kwamba kivulini nisitafute maua, nitafute majani, kwa kuwa ua lisilopata jua halifunguki, ila yako majani yaliyozaliwa na rangi zao. Akanionyesha moja jekundu lenye ukingo wa kijani, na jingine jeupe pana, mishipa yake myekundu. Mimi nilishika la zambarau iliyoiva, lilinipendeza sana. Akaninyang'anya. Alisema rangi nzito kivulini hupotea, haionekani hata na mwenye macho mazima, nichukue jeupe na la manjano niyaweke nyuma ili jekundu litokeze mbele. Sikujua kama hata hilo lina elimu yake. Aliponiuliza yanapandiwa nani, nilimjibu ni mama mtu mzima apendaye rangi, nikaishia hapo.

Nilipanda siku ya tatu baada ya Idi ya kuchinja, kwenye yale madebe ya samli ya zamani. Meupe ukutani, ya manjano katikati, mekundu karibu kabisa na kiti cha Mama. Alinitaka nimtajie kila moja liko wapi na rangi yake gani, nikamtajia, huku akipapasa udongo. Siku mbili tatu baadaye, alasiri, aliniita akaniambia mashallah, jekundu lile limetakata. Dada, nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha. Nilipokupa habari ulipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Tangu hapo kila alasiri ni hivyo, akaa pale na tasbihi yake, akisifu mara manjano, mara jeupe. Nawe ukazidi kuniletea picha, uniulize upande wa pili tupande nini.

Usilete tena picha, dadangu.

Wiki mbili zilizopita bomba la maji machafu la ghorofa lilipasuka. Povu la sabuni lilikaa uani kwetu siku mbili kabla hawajaja kuliziba. Majani yalilala, mashina yakaoza, na kilichokuwa ndani ya madebe kikawa uji. Alhamisi asubuhi Mama akiwa chumbani, niling'oa yote nikayatupa. Nilinuia kumwambia, nikaahirisha. Ilipofika alasiri alitaka kiti chake kama ada. Akaketi, akaelekeza uso kule kule, kisha akasema leo jekundu limetanda, na jeupe la nyuma limeupa ukuta nuru.

Mbele yake palikuwa na madebe ya udongo mtupu.

Nilipiga magoti nikamuuliza tangu lini. Alimaliza kwanza uradi wake wa tasbihi. Kisha akaniambia tangu alfajiri ya Idi ya kuchinja. Aliamka akangoja kupambazuke, akangoja, mpaka akasikia watoto wakipita na viatu vipya kwenda kuswali, ndipo akajua kumekwisha kucha. Kwa hiyo, Hanan, mimea ile hakuiona hata siku moja. Alikuwa amehifadhi nilivyomtajia, basi. Nikamuuliza kwa nini ametudanganya wanawe. Akasema maadamu Hanan anaamini ninaona, hatauliza macho yaliharibikaje, na asipouliza, wewe Barke hutalazimika kujibu.

Sasa ndiyo najibu.

Ulipata kuniuliza kwenye simu kama Mama alikuwa akitiwa dawa yake ya macho sawasawa, nikasema ndiyo. Nilisema uongo. Siku ya kwanza ya Ramadhani nilimtia tone la asubuhi, akalalamika kwamba anasikia uchungu wake kooni. Akaniuliza mimi, Ustadha Barke, msomesha watoto wa watu madrasani, kama saumu yake imebaki. Sikuwa na hakika. Sikwenda kumuuliza mtu. Niliona aibu mwalimu mzima nipige hodi kuulizia tone la dawa. Nikamwambia kwa kinywa kipana kwamba imebatilika, atailipa, na kuanzia kesho tusitie. La usiku nalo, kwa pirika za futari na tarawehe, nikalisahau leo, nikalisahau kesho, hata likawa si jambo tena. Ramadhani ikaisha, akaunganisha na saumu ya siku sita. Chupa ilikaa juu ya kabati mwezi na zaidi ikiwa na dawa yake ndani. Tulipokwenda kwa daktari Mfunguo Pili, mwezi ule wa kabla ya Idi ya kuchinja, nilimficha hata yeye.

Juzi nimekwenda kumuuliza Sheikh Abdillahi, kwa kujidai ni swali la mwanafunzi. Alisema tone la jicho halifunguzi saumu kwa madhehebu yetu, hata ukisikia ladha yake, na mgonjwa ana ruhusa yake vilevile. Akanikumbusha mlango ulipo. Umo katika kitabu kile kile ninachosomesha, dada. Nimeupita miaka tisa nikikimbilia mlango wa swala. Nimerudi kwa daktari pia, safari hii nikasema yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mshipa wa jicho ukifa haurudi, kwa dawa yoyote. Kwa hiyo usihangaike na maduka ya dawa huko.

Kitsao naye nimemweleza. Alishauri nipande vya kunukia badala ya rangi, mrehani na asumini changa. Kisha akakumbuka ua wetu ulivyo, akairudisha miche mahali pake. Vya kunukia vyataka jua.

Sikuombi unisamehe. Mama keshanisamehe na haikunifaa chochote. Ninamtazama akielekeza uso kwenye madebe na natamani anitukane. Madrasani nimeomba wanipe muda, nimeacha kusomesha, nimesingizia kichwa.

Mama amenikataza nisikwambie haya, nami nimemwitikia ndiyo Mama, kisha nikachukua kalamu. Basi nisitiri kwa hilo moja. Ukipiga simu Ijumaa muulize majani yanaendeleaje, kama kawaida yako. Atakwambia mekundu yametanda. Nawe mjibu mashallah, na kama waweza, piga kigelegele.

Nisalimie shemeji, umbusu Nusaiba. Mama, hapa alipo, anauliza namwandikia nani muda wote huu, nimemwambia naandika masomo. Angejua ni wewe, angekusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Barke