Kifaru Wako Nimemwona

Baba Mwende,

Nimemwona. Kifaru wako nimemwona kwa macho yangu mwenyewe, na hapa Kambu hakuna mtu atakayekucheka tena.

Ngoja nikueleze vizuri. Tangu tukuzike huu ni mwaka wa pili. Mwende ameolewa kule Salama, paa la jikoni nimelibadilisha, na akina mama wa kanisa wamenichagua katibu. Ni sisi akina mama tulioamua kwenda kuangalia wanyama. Maisha yetu yote tumefukuza ndovu shambani kwa kupiga madebe, lakini kuingia mbugani kwa gari kama wageni, hata mmoja wetu hakuwa ameingia. Loji yako, ulikokuwa dereva, ikatupa Landrova. Na dereva akawa nani? Musyoka.

Musyoka yule yule, mkubwa wa madereva, aliyekuambia mbele ya wenzako kwamba vifaru wa upande ule wa mawe meusi waliisha kwa bunduki, kwamba unadanganya watalii ili wakusifu. Wakakubandika jina, Kifaru. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukaniambia, "Mama Mwende, sikio lake la kushoto limechanika, na alikuwa na mtoto. Mtoto wa kimo cha mbuzi." Na mimi... nisamehe. Mimi nilicheka. Nikasema labda alikuwa ngiri. Ulimaliza uji wako ukalala, na mpaka homa ilipokuchukua hukumtaja tena.

Basi tukaingia. Tuliona twiga, pundamilia, na simba jike aliyepiga miayo mpaka Mama Kioko akajifunika uso na leso. Wenzangu waliridhika. Mimi nikamwambia Musyoka, "Tupitishe kwenye yale mawe meusi, ng'ambo ya mto mkavu."

"Huko hakuna kitu, mama. Ni miiba tu."

"Tupeleke tuione hiyo miiba."

Gari zima likaitikia, "Tupeleke!" Akapinda kona.

Tulikaa pale jua likituchoma. Musyoka akashika ufunguo aondoke. Ndipo ndege wawili wakaruka kutoka kichakani, wakatua tena pale pale. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Usimwangalie ndege, angalia alichokalia." Nikamshika Musyoka mkono. "Usiwashe."

Baba Mwende, nilidhani ni kichaka kinatembea! Akatoka jike, amejaa vumbi jekundu, sikio la kushoto limechanika vile vile ulivyonieleza. Nyuma yake mtoto, lakini si mbuzi tena, amefika kimo cha fahali! Wakasimama wakatuangalia. Ndani ya gari hakuna aliyekohoa. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Musyoka akavua kofia. Akanong'ona, "Kumbe Kifaru alisema ukweli."

Nikamwambia, "Jina lake ni Mutua."

Akaibana kofia kifuani. "Mutua alisema ukweli."

Hapo sikuweza kujizuia, nikapiga vigelegele kama niko arusini, na wenzangu wote wakanifuata. Wale wawili wakageuka wakakimbia, miti ikivunjika. Ni makosa, najua, wewe ungenikemea. Musyoka hakunikemea. Na Jumapili alikuja kanisani kwetu, akasimama mbele ya watu wote akayarudia maneno yale yale, na madereva wanne waliokuwa wakikuita lile jina walikuwa wamekaa nyuma, wakisikia. Nilitembea kurudi nyumbani katikati ya barabara, kichwa juu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwaheri, mume wangu. Pumzika bila wasiwasi. Nakuahidi jambo moja: wageni wa loji wakiuliza ni nani aliyemwona jike huyo na mtoto wake kwanza, watajibiwa kwamba ni Mutua wa Kambu. Na siku wakikosa kujibiwa, nitavaa viatu vyangu niende mpaka pale loji, nikawajibu mwenyewe.

Mimi mkeo,
Mama Mwende