Baba Mkwe Anaulizia Kiti cha Mbele

Mpendwa Bi Swalha, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana huyu mtu keshakata tiketi, na jina langu usilitoe, andika tu Mkwe Mtarajiwa wa Xiaobei, ingawa najua Waswahili wa mtaa huu wakisoma mistari miwili watanijua na watanicheka mpaka soko la Zhanxi.

Mimi ni mtoto wa Bukoba, nafanya biashara hapa Guangzhou, nachanganya mizigo mtaa wa Yide Lu, midoli, madaftari, mabegi ya shule, na viatu nikipata bei nzuri, napeleka nyumbani. Nina mchumba, Dainess, yuko Moshi, kitinda mimba wa Mzee Elisante, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa sebuleni hata kuku wa uani wanajirekebisha. Mama yake Dainess alishatangulia kwa Bwana, mzee anaishi na dada yake tu.

Mwaka jana nilikwenda na washenga kupeleka posa, tukala ndizi, tukanywa mbege, wakataja mbuzi, wakataja blanketi ambalo atapewa shangazi kwa kuwa mama hayupo, mimi natikisa kichwa tu kila kitu sawa, mara mzee akainua mkono, akasema, "Kijana, hayo ni ya ukoo. Mimi mwenyewe nina kitu kimoja. Wewe si unakaa China? Huko si kila kitu kipo?" Nikasema, "Kipo, Baba." Bi Swalha, hapo ndipo mdomo uliponiponza kichwa.

Akaniinua akanipeleka kwenye picha iliyoko ukutani, ya siku ya harusi yake, wako ndani ya gari la mwalimu mmoja Mmarekani wa misheni, wamekaa mbele watatu, yule mzungu kwenye usukani, bibi harusi katikati, mzee dirishani, shela limejaa mpaka kwenye kioo. Akasema, "Chevrolet Chevelle. Nitafutie kama hili. Liwe kama lilivyotoka kiwandani, lisiguswe." Nikaikagua picha vizuri, nikaangalia bodi, nikaangalia taa, nikamwambia nimeelewa.

Nikatafuta, na Mungu si Athumani, nikampata laoban mmoja, yaani bosi, nje kidogo ya mji aliyefunga mgahawa wake wa baga, ana Chevelle ya mwaka sitini na tisa aliyoiweka mlangoni wateja wapigie picha, namba za barabarani hawezi kuipatia, anataka tu imwondokee. Nikamuuliza, "Yuanchang?" Yaani vitu vyote ni vya kiwandani? Akaipiga boneti kofi, "Yuanchang, yuanchang!" Na lilikuwa kweli, Bi Swalha, mara ya kwanza tangu nianze biashara naambiwa ni original na inakuwa original.

Lakini nilipofungua mlango nikaona aibu. Kiti cha mbele kimoja kirefu kama benchi la zahanati, fimbo ya gia imechomoza pembeni ya usukani, vifuniko vya magurudumu kama vya sufuria ya maharage, dashibodi ina mshale wa spidi na wa mafuta basi. Nikajiuliza, hiki ndicho kitu cha kumpelekea baba mkwe? Nyumbani unajua mwenyewe, hakuna anayenunua gari bila kuuliza kama ni full option, na mimi mzigo wangu wote Yide Lu nachagua lile boksi lililoongezwa kitu, kalamu yenye taa, begi lenye chupa, mteja wa nyumbani hapendi kitu kitupu. Na rafiki yangu Abdulsalam, Mzanzibari, ana ofisi ya kusafirisha mizigo Huanshi Zhonglu, akanitia petroli, akasema, "Wewe bwana, ukweni wapeleka gari uchi?"

Basi nikalipeleka kwa fundi wa Kichina, nikamwonyesha kwenye simu picha ya Chevelle kali kuliko zote, ile ya mashindano, nikamwambia nataka hivi. Akasema, "Mei wenti," hakuna shida. Beji za ile kali? Mei wenti. Mistari miwili myeusi, boneti yenye mabonge, usukani mdogo, gia ihamie sakafuni, viti viwili vyekundu vya kukumbatia mbavu, na katikati yake kisanduku cha kuwekea soda? Mei wenti. Taa za bluu chini ya uvungu hata sikuomba, alinipa kama bakshishi. Injini hatukuigusa kwa sababu alisema inapumua.

Nikampigia mzee kwa video nikiwa nimelifunika gari turubai, nikamwambia ni sapraizi. Akauliza, "Gia iko wapi?" Nikasema, "Chini, Baba, kisasa." Akauliza, "Na kiti cha mbele kipo?" Nikasema kwa furaha, "Vipo viwili, Baba, kama vya rubani!" Akanyamaza, nikadhani ni mtandao, nikawa naita haloo, haloo, kumbe yupo. Akasema taratibu, "Sikukutuma viwili," akakata.

Tangu siku hiyo Dainess ananiambia baba yake haongei mezani, na sasa mzee ambaye hajawahi kuvuka Dar es Salaam ametafuta pasi, ametafuta viza, anakuja mwenyewe na Dainess kuliona gari kabla halijaingia kwenye kontena, na amesema akikuta limeguswa posa atairudisha. Dainess analia, mimi usingizi sina, nampenda yule mtoto, Bi Swalha, sina mwingine na simtaki mwingine.

Abdulsalam ananiambia nikaze uso, nimwambie mzee kwamba Chevelle nyingine zilitoka hivyo hivyo kiwandani na viti viwili na gia ya chini, na nimesoma mtandaoni ni kweli zipo. Swali langu ni hili, kuna namna mtu anaweza kujua kitu kilifungwa kiwandani au kimefungwa hapa mtaani? Maana kama hawezi kujua, nitakaza uso. Na kile kiti kirefu naona hata aibu kukidai, fundi alikitoa nje ya gereji na wazee wa mtaa wanakikalia wakicheza karata, tumeshazoeana, nikipita wananipa chai.

Ni mimi, Mkwe Mtarajiwa, Xiaobei.

*

Mkwe Mtarajiwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mtandio ukanivuka. Mara ya pili nikatafuta ndara.

Nianze na swali lako, ingawa ni swali la mwizi: ataweza kujua? Mwanangu, atajua kabla hajakusalimia. Nimeuza vipuri vya magari mji huu tangu wewe unavaa kaptula, kwa hiyo nisikilize. Chukua sumaku ya mlango wa friji, ipitishe ubavuni mwa gari. Pale itakapodondoka, fundi wako amekandika plasta, na chini ya plasta yamo matundu ya jina la kwanza alilong'oa ili akubandikie hizo beji za uongo. Kisha funua zulia. Tundu la kiwandani kingo zake ni laini na zimepakwa rangi pamoja na sakafu. Hilo tundu la gia yako limekatwa kwa grenda, lina meno kama limetafunwa na panya. Viti vyako vya rubani vimekazwa kwa nati mpya zinazong'aa juu ya bati kuukuu. Na pembeni ya usukani, pale fimbo ya gia ilipokuwa, kovu lipo, hata ulizibe kwa kizibo cha soda.

Kuna na kibao kidogo cha bati, kimepigwa ribiti chini ya boneti, karibu na kioo cha mbele. Kina alama za rangi na za kiti ambacho gari lilitoka nacho. Kibao hicho usikiguse. Na Abdulsalam akikwambia anamjua mtu wa kuchonga kingine, mwambie Bi Swalha amesema atampigia mama yake Michenzani.

Ni kweli zipo Chevelle zilizotoka kiwandani na viti viwili. Hili lako halikutoka hivyo. Umelipata zima, halijaguswa na mtu miaka yote hiyo, mwenye nalo kakwambia kweli, nawe ukalipeleka kwa fundi likafanywe la uongo kwa gharama yako. Watu tunakuja mji huu kutafuta original kwa tochi, wewe umeipata ukaivisha nguo za kuazima! Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Lakini hilo la gari si kubwa. Kubwa ni lile la picha. Umekula ndizi za watu, umesimamishwa mbele ya ukuta, mzee amekuonyesha kwa kidole, nawe ukaangalia bodi na taa. Umeandika mwenyewe: mzungu kwenye usukani, bibi harusi katikati, mzee dirishani. Umeandika ukapita, kama mtu anayehesabu maboksi. Sasa nijibu mimi. Katika hilo gari lako la full option, pale katikati pana nini?

Kisanduku cha soda. Mahali alipokaa mke wa mtu siku ya harusi yake, wewe umeweka Fanta.

Ndiyo maana alinyamaza kwenye simu, haukuwa mtandao. Mzee yule hana haja ya gari la kutambia Moshi, umri wake na gari lenye kelele wapi na wapi. Anataka akae dirishani, kwenye kiti kile kile kirefu, aone kama mwili wake bado unakumbuka. Naandika haya na chai yangu imepoa, kwa sababu na mimi ni mjane, na upande wa kulia wa kitanda changu hadi leo siulalii. Kwa hiyo usinieleze habari za kukaza uso.

Sasa fanya hivi. Leo hii, kabla hujala, mpigie Mzee Elisante. Simu ya kawaida, video weka pembeni, na usitume mshenga. Mwambie, "Baba, nililigusa. Nilidhani nakuheshimu. Nalirudisha lilivyokuwa, na makovu yatabaki, nitakuonyesha kila moja." Ukimaliza hapo nyamaza. Atakutukana kwa Kichaga, na wewe mtu wa Bukoba hutaelewa, kwa hiyo haitauma sana. Mtu aliyesema atarudisha posa akikuta limeguswa anaogopa kudanganywa kuliko anavyoogopa plasta. Ukimsubiri agundue mwenyewe kwa sumaku, umekwisha, na mimi nitakuwa upande wake.

Kisha nenda kwa fundi. Gia irudi ilipokuwa, tundu la sakafu lizibwe kwa bati, boneti ya kwanza na vile vifuniko vya sufuria avitafute alikovitupa. Yeye alikuwa anasema mei wenti wakati wa kubomoa, basi aseme mei wenti na wakati wa kurudisha. Taa za bluu ng'oa kwa mkono wako mwenyewe, na kama kuna mtoto jirani mwenye baiskeli, mpe.

Kiti usikidai kama mtu mwenye haki. Wazee wa karata wanunulie sofa, nzuri, ndefu kuliko kile, uwapelekee na majani ya chai. Wakikuambia bu xing, haiwezekani, usibishane. Kaa nao, kunywa chai yao, waonyeshe ile picha ya harusi, Dainess akutumie kwenye simu. Mchina mzee anayemcheka mke wa mtu aliyekufa mimi sijamwona bado. Watakusaidia kukibeba. Na kikirudi usikibadilishe kitambaa! Kama kimechanika, kimechanika. Ukikivisha ngozi nyekundu nitakuja hapo gereji mwenyewe, na ndara ninazo.

Siku mzee atakapofika, usimkaribishe kwa hotuba. Kaa kwenye usukani, mlango wa upande wake uwe wazi, mwache aingie mwenyewe akae dirishani. Pale katikati usiweke simu, usiweke maji, usiweke hata mkono wako, na Dainess usimwite, hata akisimama juani mpaka ukamwonea huruma. Mwache baba wa watu akae na mkewe. Akitaka kulia alie, wewe tazama mbele kama dereva.

Akiridhika, atafungua mlango, atashuka, na atampisha binti yake apite akae katikati. Akifanya hivyo, mwanangu, umeshaozeshwa. Mbuzi utapeleka baadaye.

Bi Swalha