Nyumba Zisizo na Mume

Palma, Jumanne

Nimechukizwa sana leo. Mkuu wetu wa ofisi ya uhamisho alimwambia Bi Fatuma usoni, "Mama, sistema haikuoni," kisha akairudia kahawa yake.

Sistema yenyewe ni mimi. Ni programu yangu ya kompyuta, nayo hufuata kanuni niliyoiandika: ingia ndani ya taarifa za kaya, mtafute mume, chukua jina lake, mpe nyumba mpya. Mume asipokuwepo, haitoi onyo lolote. Inaipita kaya kimya kama haipo. Kanuni hiyo aliiagiza yeye mkuu.

Bi Fatuma ni mjane, na nyumba yake itabomolewa kupisha kiwanda cha gesi.

Nikaongeza kanuni ya pili palepale: pasipo mume, chukua jina la mwenye nyumba. Wajane wakajaa kwenye skrini, na Bi Fatuma yumo.

"Futa," mkuu akasema. "Relatorio, ripoti yote, imeshakwenda Maputo."

"Sifuti, chefe," nikamjibu mkuu.

Kazi huenda nimeipoteza, na sijui nitamwambiaje mama yangu.

Nikamsomea Bi Fatuma majina yote. Akasema, "Rudia, mwanangu. Wajane wenzangu wako nje."

Nikafungua dirisha, nikasoma upya kwa sauti.