Sirene ya Saa Sita Kasoro Robo

Mwaka umeisha leo, Papa Nsanzimana, tangu utuache, na Mama bado hapakui chakula mpaka saa saba ipite.

Miaka kumi na tisa ulilinda zimamoto, pale nyuma ya ile nyumba ya zamani ya mairie, ofisi ya muji, chini ya munara wa kuanikia mipira ya maji. Malori ya madini ya kasiterite yalishuka kutoka Masisi, yakakuachia vumbi mulangoni, nawe ukafagia. Kamio nyekundu ya kuzimia moto ilikuwa imelala juu ya mawe, haina matairi wala pampu. Wenzako walichoka wakaenda kulima. Wewe ulibaki na sirene, king'ora cha kuzungusha kwa mukono. Ulisema, "Nikiiacha hata siku moja, itashika kutu." Basi kila saa sita uliizungusha, na Goma ikala.

Nasi tulikula kwa sauti yako. Ikianza kulia, Mama Léoncie anaweka bugali mezani. Ikinyamaza, wewe uko njiani, kofia mukononi, unasalimia hata mbuzi za watu. Hukujua kufoka. Mutoto akivunja kitu, ulisema tu, "Ah, hata mimi nilivunja vingi," ukainama kuokota vipande.

Siku ile ililia saa sita kasoro robo. Jirani yetu, Mama Annonciata, alicheka juu ya ua: "Léoncie, muzee wako iko na njaa leo!" Mama naye akacheka. Akakimbilia jikoni, akakupakulia maharagi na sambaza, samaki ndogo za Kituku, akafunika kwa sahani. Sirene haikunyamaza. Mama akaiitikia, akikuita kwa jina la mutoto wenu wa kwanza: "Ngoja basi, Papa Honoré, nimesikia! Chakula iko mezani!" Muji wote ulifanya hivyo hivyo. Watu waliinua sufuria, hakuna aliyeinua ndoo.

Kumbe moto ulikuwa umeshika chumba cha vitabu vya mairie. Ulipoona hakuna mutu anayekuja, uliacha sirene ukaingia mwenyewe. Mara nne ulitoka umekumbatia vitabu vya kuzaliwa, vyenye majina yetu na ya watoto wa watu. Mara ya tano walikutoa wengine, walioona moshi wakaelewa. Siku ya tatu ulituaga hospitalini, ukimuuliza Mama kama chakula kilipoa.

Papa, Mama amechoka. Na sisi tumechoka kumuona hivyo. Mwaka muzima anarudia neno lile lile: "Aliniita, mimi nikapakua." Tumemwambia hana kosa, muji wote ulikosea. Padri naye amemwambia. Anasikiliza, anaitika, halafu anaenda kuosha tena ile sahani.

Sirene yako ipo, hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Leo, baada ya misa, Honoré ataizungusha, saa sita kasoro robo. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba. Tulimwambia abaki nyumbani apumzike, akakataa kabisa. Tangu asubuhi amevaa viatu, na bidoni yake imejaa maji, iko mulangoni.

Wanaokukumbuka: muke wako Léoncie, watoto wako Honoré, Béata na Julienne, mudogo wako Ntirenganya, na jirani Annonciata, ambaye ameleta ndoo mbili.

Hatutakusahau, Papa. Safari hii ukiita, tunakuja na maji.

Goma, 1979