Tangazo Nililolipanga Mimi

Shikamoo, Baba Neema.

Sisubiri marahaba. Nina jambo, na ni lazima ulisikie wewe kabla ya hakimu.

Miaka sita ulinifundisha kuchora herufi kwa brashi, pale kibandani kwako Ngokolo. "Kulwa, herufi nene inamsimamisha mtu barabarani," ulikuwa unasema. Kisha zikaja kompyuta. Bango la siku mbili likawa linachapwa kwa dakika kumi, wateja wakakukimbia, na mimi nikakukimbia. Nikapata kazi stesheneri, Geita. Ulinuna, lakini hukunilaani.

Mchana mmoja alikuja mwanamume akitaka tangazo: MTU HATARI. ANAIBA WATOTO. Picha angeweka mwenyewe. Alisema ametumwa na ofisi ya mtaa. Sikumwomba barua. Nilichagua herufi nene, nyekundu, nikalizungushia mstari mweusi, likafanana kabisa na tangazo la serikali. Nilijivunia, Baba. Nikamtumia kwenye simu.

Kumbe ndiye mliyekuwa mkigombania naye kiwanja cha huku Geita. Akabandika sura yako, akalisambaza kwenye magrupu ya bodaboda.

Siku ya tatu ukaja Geita kuchora ukuta wa saluni. Nilisikia makelele, nikatoka mbio. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekuzunguka. Mawe, nondo, mateke. Wewe unalia, "Mimi fundi wa mabango! Muulizeni Kulwa!"

Niliwavuta mashati. Nikapigwa ngumi, jino likatoka. Dereva mmoja akanisukumia simu usoni: "Soma! Hujui kusoma?"

Nikasoma. Herufi zangu.

Nilipoinua macho walikuwa wamekuponda kichwa kwa tofali. Kopo lako la rangi ya bluu lilikuwa limepasuka, na damu… Baba, siwezi.

Nilijificha siku nne. Hata kwenye mazishi sikuja. Siku ya tano nikaenda kwa Mama Neema, nikamwambia yote. Alinichapa makofi mpaka mkono ukamchoka. Kisha akasema, "Vaa viatu. Twende polisi." Tulikwenda. Niliwaonyesha kazi yote ndani ya kompyuta, na namba ya simu niliyoitumia lile tangazo. Yule mwanamume akakamatwa.

Jumatatu natoa ushahidi. Ndugu zake wamenifuata mara mbili, wanataka niseme sikumbuki aliyeagiza. Mara ya pili walikuja na panga. Niliwaambia nakumbuka kila herufi.

Lala, Baba yangu. Nisamehe ukiweza. Nakuahidi hili moja: nitataja jina lake mbele ya watu wote, kisha nitataja langu.

Kulwa wako