Mrehani wa Kikuba cha Rukia

Jumamosi, 2 Machi 1996

Viazi vya mbegu vimetoa macho kwenye trei za mayai. Nimevigeuza. Maharage mapana yamesimama wima, theluji ya mwezi uliopita hayakuiona. Ndiyo maharage ya Waingereza hayo. Kabichi mbili zimeliwa na konokono wasio na nyumba. Nimewasaka kwa tochi ya mkononi, wakubwa kama vidole vyangu, na vidole vyangu si vya kawaida.

Kishamba changu hiki, cha kukodi kwa kaunsili ya mji, hakina mfano Edmonton nzima, wala London. Sisemi kwa kuwa ni changu.

Mvua tangu alfajiri. Masika. Mtu wa Pemba akiona mvua ya Machi hasubiri kuulizwa. Nimemwaga mbegu za mrehani, mistari mitatu. Mzee Len, Muingereza wa kishamba cha jirani, kanitazama juu ya uzio, katikisa kichwa. Kasema mmea ule ungoje katikati ya Mei. Nimemwambia kwetu nilipanda mrehani asubuhi, jioni mbuzi wa watu wakapotea ndani yake, tukawatafuta kwa kuwasikiliza. Hakucheka. Waingereza hawajui kilimo.

Jumapili, 10 Machi

Harusi ya Rukia imepangwa. Jumamosi ya tarehe 11 Mei, isije ikaingia Mfunguo Nne, mwezi huo hatuozi. Rukia ni mtoto wa dada yangu Asha wa Wete. Alikuja kwangu ana miaka minane, nimemlea mie na mke wangu Zuhura. Kiswahili anasikia chote. Kujibu anajibu Kiingereza, miaka yote hii.

Leo tunakula, kaweka kijiko chini, kasema, "Mjomba, nataka kikuba cha kweli. Kama alichovaa Mama."

Kwa Kiswahili. Zuhura kaacha kutafuna.

Hajawahi kuniomba kitu cha kwetu, mtoto huyu. Hata kanga alikataa. Nimesema niachie mie. Kikuba kina nini? Asumini, waridi, mrehani, vishonwe pamoja vitiwe marashi, bibi harusi akipachike kifuani. Asumini ziko Southall kwa Wahindi. Waridi ziko kila mahali. Mrehani wetu ndio hauna duka London nzima, na mie ndiye mwenye shamba.

Nimempigia Asha. Anakuja, alhamdulillahi. Alitaka kubeba mrehani kwenye kitambaa kibichi. Nimemkatalia. "Usilete hata jani moja. Mie nina msitu huku."

Msitu wenyewe haujatoka ardhini. Lakini utatoka.

Alhamisi, 21 Machi

Hakuna kitu. Nimefukua kwa kidole. Mbegu zimeoza. Udongo ni baridi kama samaki wa kwenye barafu. Mvua ya hapa si masika, ni maji tu yanaanguka.

Nimeanza upya ndani ya nyumba. Vikopo vya mtindi, dirishani, juu ya hita. Zuhura anasema nyumba inanuka udongo. Nimemwambia hiyo ni harufu ya harusi. Kasema mpigie Asha umwambie abebe wa kwake, kwa tahadhari tu. Nikamuuliza tahadhari ya nini. Nimekasirika siku nzima.

Jumapili, 7 Aprili

Umeota! Majani mawili mawili, madogo kama masikio ya panya. Nimewaita jirani kuja kuona.

Shambani nimefukia viazi, nimetia vitunguu na figili. Mchicha nimeuacha kwanza. Bamia nimeiacha kabisa mwaka huu. Baridi haijaondoka, upepo unatoka kaskazini na meno. Nilikaa juu ya ndoo nikawaza. Kila mwaka najitia kupanda vya kwetu, na kila mwaka vinavyonilisha ni viazi na kabichi. Hivyo havinipi sifa. Hakuna mtu anayekuja kutazama kabichi.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua la kweli. Watu wamevua makoti. Wanaume wa msikitini, wanne, wamekuja kuuona msitu. Wiki zote hizi nawasimulia.

Nikaogopa wataingia nyumbani wakute vikopo vya mtindi. Asubuhi nikavibeba vyote, nikaihamishia miche ardhini kabla hawajafika. Mrefu kuliko yote ulikuwa kama kidole cha shahada.

Mmoja wao, Ami Juma, akainama, akavaa miwani, akauliza, "Msitu wenyewe ndio huu? Tusije tukapotea, bwana."

Walicheka mpaka getini. Nikacheka nao. Kucheka kwa uongo kunachosha taya.

Walipoondoka Mzee Len kanipa pazia kuukuu juu ya uzio. Kasema nifunike usiku. Kama namuangalia sasa, mkono umenyooshwa, pazia la maua ya manjano. Nimeona dharau. Nimesema ahsante, nikaliweka kibandani. Sikufunika.

Jumapili, 21 Aprili

Jalidi, umande ulioganda. Nyeupe juu ya kila kitu, kama mtu kapita akimwaga chumvi.

Mirehani yote myeusi. Ukiigusa inalegea mkononi kama mchicha uliopikwa.

Mzee Len alikuwepo. Kainamia viazi vyake. Ningependa angesema, nilikwambia.

Jumapili, 28 Aprili

Iddi. Nyumba imejaa, biriani, watoto ngazini. Asha kapiga simu kutoa mkono wa Iddi. Kaniuliza tena habari za mrehani. Watu wanasikiliza, Rukia kasimama karibu yangu na sahani.

Nikasema, "Umefika kiunoni."

Sijui kauli ile ilitoka wapi. Ilitoka yenyewe. Rukia katabasamu.

Nilikwenda kukaa bafuni. Najichukia. Wiki mbili zimebaki, na mbegu za mwisho nilizotia kwenye vikopo ndiyo kwanza zinapasuka. Zingekuwa mahindi nisingejali. Hili si la chakula. Ni la mtoto mmoja, siku moja, na hairudi.

Alhamisi, 2 Mei

Nimenunua mrehani wa supamaketi, wa kwenye kikopo. Majani manene, yanang'aa. Nimeuficha ndani ya koti nikauleta jikoni.

Zuhura kasokota jani, kanusa, kanipelekea puani. "Unataka bibi harusi anukie pizza?"

Ni kweli. Si wetu. Wetu una ukali, unapanda kichwani. Huu unakaribisha jibini.

Zuhura kasema Asha bado yuko Wete, simu ipo ukutani. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumatatu, 6 Mei

Nimepiga. Nilishajipangia maneno. Asha, jalidi imeua, beba wako. Maneno machache, mtoto mdogo wa chuoni anayaweza.

Asha kapokea anacheka. Sanduku limefungwa, kesho anapanda ndege. Ile nafasi ya mrehani katia halua na visheti, maana kaka yake ana msitu. Kawaambia jirani zake wote, kaka yangu kule Ulaya kaotesha mrehani kwenye theluji. Jirani mmoja alikuwepo pale pale, nikamsikia akipiga kigelegele.

Nikasema nimepiga kukukumbusha sweta.

Sweta!

Mie nimebeba gunia la karafuu kwenye tope mpaka kiunoni. Nimegombana na mapolisi wawili peke yangu, wa tatu akakimbia. Neno moja kwa dada yangu limenishinda.

Jumanne, 7 Mei

Southall, kuagiza asumini. Basi, treni, basi. Mvua ya baridi njia nzima.

Duka la maua liko kati ya sonara na muuza sari. Mwenyewe mama wa Kihindi, mtu mzima, sweta juu ya sari, soksi nzito. Wanamwita Bi Kanta. Nimemsalimia kwa Kiingereza changu, kanijibu kwa Kiswahili cha Mombasa. Kazaliwa huko. "Wataka asumini nyingi ama za kichwa kimoja tu?"

Tumeelewana bei ya asumini. Nikageuka kuondoka, nikaiona. Nyuma ya duka, dirishani, mmea kwenye chungu cha udongo. Majani madogo, mashina ya zambarau. Nilinusa kabla sijaufikia. Ukali ule ule, na karafuu kwa mbali.

Nikamuuliza bei.

"Huo hauuzwi, baba. Huo ni wa ibada. Kila asubuhi naumwagia maji, nausalia."

Ulimi ukaanza kazi yake. Nikamwambia mie nimetumwa na ukoo wa masultani, kuna binti mkubwa anaolewa, meli nzima ya mrehani imezama njiani. Kanisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kaunta.

"Waongopa vizuri wewe. Sasa nambie la kweli."

Kulikuwa na watu nyuma yangu wanangoja. Nikavua kofia. Nikamwambia. Masika, vikopo vya mtindi, pazia, kiunoni, sweta. Mtoto aliyeniomba kitu kimoja. Dada yangu saa hii yuko angani na halua. Sikuongeza hata chumvi. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Kauliza kama bibi harusi ni mwanangu. Nikasema wa dada yangu, nimemlea mie.

"Njoo Ijumaa asubuhi. Nitachuma mwenyewe. Jioni hauchumwi."

Nikataka kumlipa. Kanitazama nikarudisha mkono mfukoni.

Jumatano, 8 Mei

Nimempokea Asha Heathrow. Kazeeka. Nami nimezeeka, tumetazamana tukaliona wote wawili. Rukia alimkumbatia mamake hakumwachia mpaka mtu wa vigari vya mizigo akatuomba tupishe.

Kwenye gari, neno la kwanza baada ya salamu. "Nipeleke shamba nikauone."

Nikasema umechoka, baridi, kesho. Zuhura, kiti cha nyuma, kakohoa.

Nawaza jambo jengine. Mmea wa ibada ya watu, kwenye kifua cha mtoto wa Kiislamu. Jani ni jani, aliyeliumba mmoja. Hivyo naona mie. Asha mwenzangu ni mtu wa dini kunishinda. Nikimficha nimemdanganya mara ya pili, na safari hii si kuhusu mrehani tu.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi Southall. Bi Kanta kaoga, nywele mbichi bado. Kausemesha mmea Kigujarati, polepole, kama unavyomuomba mtu ruhusa. Kisha kachuma kijiti kimoja kimoja, kaviviringa kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Nilisimama mlangoni.

Nimerudi na kitambaa kifuani ndani ya koti, treni nzima nimekibana kama mtoto mchanga.

Jioni wanawake wamekaa chini sebuleni, sindano, uzi, sinia ya asumini, waridi, chupa za marashi. Nikampa Asha kitambaa. Kakifungua, kasokota jani, kanusa. Kanusa tena.

"Kaka. Mrehani gani huu?"

Wote wakaacha kushona.

Nikasema wangu umekufa wote, toka mwezi uliopita. Baridi na ujinga wangu. Huu si wetu, ni ndugu yake, wa mama wa Kihindi, mti wa ibada yao, kautoa bure kwa ajili ya Rukia. Kama huutaki sema, nitaurudisha.

Kisha shoga mmoja wa Zuhura kutoka kwenye kona, "Na ule uliofika kiunoni? Kiuno cha nani, cha sisimizi?"

Ilipasuka nyumba. Walicheka wakashikana mabega, mwengine kalala juu ya mito. Mie nimesimama pale pale. Acha wacheke.

Asha peke yake hakucheka. "Ungenambia, ningeleta."

Hilo tu. Lilinikata kuliko vicheko vyote.

Rukia alikuwa ngazini, kasikia. Kaniuliza kwa Kiingereza chake, kwa nini sikusema tu. Nikainama nikaokota asumini zilizoanguka.

Asha kalishika lile jani muda mrefu. Kasema kama yule mama kauchuma mti wake mwenyewe kwa mtoto asiyemjua, basi yeye nani wa kuurudisha. Katia uzi kwenye sindano. Kaniambia nitoke, wanaume hawakai hapa.

Jumapili, 12 Mei

Imekwisha. Rukia na mumewe wamekwenda Leicester. Nyumba ina viti vingi kupita watu.

Ukumbini Rukia alipita karibu yangu. Kikuba kifuani, asumini zimefunguka, mrehani umefichama katikati. Harufu ilipita kwanza, yeye nyuma. Si harufu ya Wete khasa. Asha kalijua hilo, nami najua. Rukia kasimama mbele yangu, kalivuta bega langu chini kama alipokuwa mdogo, kasema, "Kinanukia, Mjomba." Kisha akaenda zake na mumewe.

Bado kanikasirikia kidogo. Ana haki.

Alhamisi, 23 Mei

Asha kaondoka. Jana alitaka nimpeleke Southall. Alikaa na Bi Kanta nyuma ya duka, wakanywa chai, wakasema habari za magoti na watoto. Mie niliwekwa nje kulinda ndoo za maua.

Uwanja wa ndege kanipa leso, pembe moja imefungwa fundo. Mbegu za mrehani ndani. Hakunielekeza kitu. Kanishika mkono tu, muda mrefu.

Nimelikunja lile pazia la manjano, nimempelekea Mzee Len. Kasema kaa nalo, kutakuwa na mwaka mwengine.

Jumapili, 2 Juni

Baridi imekatika. Viazi nimevipandishia udongo. Maharage mapana yana maua meusi na meupe, nyuki wamejaa. Nimepunguza figili.

Nimeingiza mkono ardhini mpaka kifundoni. Joto mpaka chini. Nikapanda mrehani, mstari mmoja, nikaumwagia maji kidogo kidogo.

Jana baada ya sala Ami Juma aliniuliza mbele ya watu mwaka huu napanda nini.

Nimesema viazi.