Majibu ya Damu ya Khamisa

Zainab, mpaka sasa siamini. Wifi yangu Khamisa, mimba ya miezi sita, leo ameitwa kliniki.

Daktari kamwambia kundi lake la damu ni hasi, la mtoto chanya, hayapatani, na mwili wake unaishambulia damu ya mtoto. Kipimo cha mashambulizi hayo kimepanda mno, huenda mtoto ameishiwa damu tumboni. Aende Mombasa leo hii akapigwe picha.

Kipimo cha lini? Cha wiki tatu nyuma! Wiki tatu, Zainab, kimelala kwenye faili!

Nesi anasema, "Si ungeuliza, mama?"

Si ungeuliza!

Khamisa akamjibu, "Niliuliza kila Jumatatu. Ukaniambia nitaitwa."

Nesi akamkabidhi barua ya kwenda Mombasa.

Mombasa wamepima, moyo wa mtoto umeshasimama. Na daktari wa huko akamgeukia Khamisa, Khamisa huyu huyu, "Mbona umechelewa, mama?"